Mvua Pekee Haiwi Sadaka

Kila mwaka mwezi Mei unapoelekea ukingoni, barabara kuu za Uganda hujaa watu wanaotembea kwa miguu. Wapo waliotoka Bukoba wakavuka mpaka wa Mutukula. Wapo waliotoka Nairobi, wakapita Bonde la Ufa na kuingia kupitia Malaba au Busia. Wapo wa kutoka Rwanda na Kongo, na ndani ya Uganda kwenyewe wapo wa Gulu, Arua, Kasese na Kabale. Wamevaa fulana za majimbo yao, rozari mkononi, mgongoni shuka na chupa ya maji. Wote wanakwenda Namugongo, nje kidogo ya Kampala, mahali ambapo tarehe 3 Juni 1886 kundi la vijana Wakristo, Wakatoliki kwa Waanglikana, walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Pili kwa sababu walikataa kuikana imani yao.

Nami ni mmoja wa watu wa barabara hiyo. Nimeitembea pamoja na waamini wa upande wetu wa Kagera, na naipenda kama mtu anavyoipenda njia iliyomlea kiroho. Kwa sababu naipenda, kuna jambo siwezi kuendelea kulinyamazia.

Tumeanza kuipima hija kwa ukali wa hali ya hewa. Mahujaji wakirudi parokiani, wa kwanza kuitwa mbele kutoa ushuhuda ni yule aliyenyeshewa usiku kucha, na anayemfuata ni yule aliyezimia kwa jua, akazinduka, akaendelea. Makofi yanapigwa. Watoto wanasikiliza na kujifunza kwamba utakatifu ni kustahimili mvua kuliko jirani yako. Yule mama aliyebaki nyuma siku nzima akimsindikiza mgonjwa, akafika Namugongo Misa imekwisha, haitwi kusema lolote. Mimi nasema mvua pekee haiwi sadaka, na jua pekee haliwi sadaka. Vinakuwa sadaka pale mtu mwingine anapopata nafuu kwa sababu sisi tulikuwa njiani.

Hali ya hewa yenyewe ni kali kweli, wala sina nia ya kuipunguza. Kwa kuwa sikukuu ni tarehe 3 Juni, safari za mbali hazina budi kufanyika Mei, na Mei masika huwa bado hayajaaga kandokando ya Ziwa Viktoria. Anayetoka Bukoba hutembea karibu kilomita 300. Akishapita Kyotera, Masaka na Lukaya, anaingia Lwera, kinamasi kikubwa cha mafunjo ambacho barabara inakikata katikati, na mvua ikimkuta humo hana pa kujibanza. Ndipo avuke Mto Katonga na kufika Kayabwe, pale panapopita mstari wa ikweta. Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja la Katonga zikiwa zimebaki wiki tatu hivi kufika sikukuu, barabara ikafungwa, magari ya Masaka na Kampala yakalazimika kuzunguka mbali. Mto uliolishinda daraja la barabara kuu haushindwi na miguu ya hujaji.

Wanaotoka kaskazini wana adha yao. Wakishavuka Mto Nile pale Karuma na kupita Kiryandongo, wanaingia Nakasongola, ukanda wa wafugaji wenye miti michache, ambako jua la saa saba mchana linatoka juu na kurudi tena kutoka kwenye lami. Wa Kenya nao wana safari ndefu, kwani kutoka Nairobi ni zaidi ya kilomita 600. Njiani wanapita Timboroa, zaidi ya meta 2,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo ukungu na manyunyu ya usiku humtetemesha hata aliyevaa koti. Siku chache baadaye wako kwenye joto la mpakani. Ndani ya safari moja mwili unadaiwa kuizoea baridi ya mlimani na fukuto la bondeni. Nao msimu wenyewe hautabiriki kama zamani. Masika ya 2024 yaliua mamia ya watu Kenya na Tanzania, na Mai Mahiu, kwenye mojawapo ya barabara za Nairobi kwenda Nakuru, maji yalishuka usiku yakazoa nyumba pamoja na waliolala ndani.

Anayezungumzia uvumilivu bila kujua mwili unavyofanya kazi anazungumza nusu. Kwenye jua, mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hutoka na chumvi. Anayetembea tangu alfajiri hadi alasiri akinywa maji matupu tu anaweza kuanguka ingawa chupa yake haijawahi kukauka, kwa sababu chumvi imekwisha mwilini. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au kutomtambua mwenzake, hapo ni hatari ya kifo, na sala ya kwanza inayomfaa ni kumweka kivulini, kummwagia maji, kumpepea na kutafuta gari. Mvua nayo ina njia yake ya kuumiza. Soksi zikilowa, ngozi ya nyayo inalainika, malengelenge yanatokea na kupasuka, na mtu anayechechemea hubadili mwendo mpaka goti na nyonga vinaanza kuuma. Mtu aliyelowa akipigwa na upepo usiku anaweza kupoteza joto la mwili hata huku kwetu karibu na ikweta.

Dawa za mambo haya hazina siri, na nyingi hazina gharama kubwa. Kuondoka saa tisa au saa kumi usiku, kupumzika kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, kisha kumalizia jioni. Kupaka nyayo mafuta ya mgando kabla ya kuvaa soksi kavu. Kubeba soksi za akiba ndani ya mfuko wa nailoni. Kuchanganya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, mchanganyiko uleule mama zetu waliofundishwa kliniki kwa ajili ya watoto wanaoharisha. Kuvaa vizibao vinavyong'aa ili dereva aione safu ya watu gizani au kwenye mvua. Mambo haya anaweza kuyapanga mtu yeyote aliyewahi kusimamia harusi. Inakuwaje basi tuyapange kwa harusi tuyaache kwa hija?

Najua jibu nitakalopewa, maana nimelisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Mzee mmoja wa kigango chetu huniambia, "Mwanangu, hija bila mateso ni utalii." Kauli hiyo ina ukweli ndani yake na siikatai. Mwili unaochoka hufundisha mambo ambayo kiti cha kanisani hakifundishi. Mtu aliyetembea siku tano anaijua thamani ya kikombe cha maji, anamjua maskini kwa namna mpya, na kiburi chake kimepunguzwa bila mahubiri. Ninachokataa ni hatua inayofuata, pale uzembe wa maandalizi unapovishwa joho la utakatifu. Mateso ya njia yapo tayari. Kilomita 300 zinatosha kumtesa yeyote. Kuongeza juu yake kiu ambayo ingezuilika, au usiku wa kulala kwenye matope kwa kuwa hakuna aliyepiga simu parokia ya mbele, hakumwongezei Mungu heshima yoyote.

Twende kwa Wafiadini wenyewe, maana ndio tunaodai kuwafuata. Vijana wale hawakuutafuta moto. Mei 1886 walihukumiwa Munyonyo, kando ya ziwa, wakafungwa kamba na kuswagwa kwa miguu kuelekea Namugongo. Ponsiano Ngondwe aliuawa njiani tarehe 26 Mei, na kesho yake Atanasi Bazekuketa akauawa Nakivubo. Waliofika walikaa kifungoni siku kadhaa wakisubiri kuni zikusanywe. Ni safari fupi ukiilinganisha na zetu, lakini ndiyo mama wa safari zote hizi. Tunachosimuliwa juu yake hasa ni jinsi walivyoshikana. Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana wa ikulu, aliwabatiza usiku wa kuamkia hukumu wale ambao walikuwa bado wakatekumeni, akiwemo Kizito, mdogo wao, kijana wa miaka kama 14. Mapokeo yanasema Lwanga alimwahidi Kizito kwamba saa ikifika atamshika mkono. Mkubwa alimtazama mdogo, akajua anaogopa, akafanya lililokuwa ndani ya uwezo wake. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu wale 22 wa Kikatoliki tarehe 18 Oktoba 1964, alilipa Kanisa la Afrika kielelezo cha imani, na ndani ya imani hiyo kuna huo mkono.

Kuna mwingine ambaye kifo chake kinanirudia kila ninapopita Kampala. Matia Mulumba, mtu mzima mwenye cheo, hakufikishwa Namugongo. Aliuawa katika kilima cha Kampala ya Kale kwa namna ya kikatili mno, akakatwa viungo na kuachwa afe taratibu. Alikaa hai siku tatu. Inasimuliwa kwamba watu waliokwenda kukata matete walimsikia akiita, wakasogea, akaomba maji ya kunywa. Kwa hofu ya walichokiona walikimbia. Mfiadini huyo alikufa na kiu yake. Basi kwenye njia ambayo shahidi wa imani aliomba maji akakosa, kumpa mtu maji kunaingia moja kwa moja katika ibada. Hujaji anayepita hapo akimwacha mwenzake aanguke kwa kiu ili yeye asichelewe, amefika mahali patakatifu lakini hajawafikia watakatifu wenyewe.

Katekisimu tuliyofundishwa utotoni inataja matendo saba ya huruma ya kimwili: kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwavika walio uchi, kuwakaribisha wageni, kuwatazama wagonjwa, kuwatembelea wafungwa na kuzika wafu. Ukiitazama vizuri barabara ya Namugongo mwishoni mwa Mei, utaona karibu yote yakitendeka kati ya mapambazuko na machweo, na kinachoyaita yatendeke ni hiyo hali ya hewa. Jua linazalisha wenye kiu, na kando ya lami wamejipanga watoto wenye madumu ya maji. Mvua inazalisha wageni, na shule zinafungua madarasa. Baridi inazalisha watu wasio na nguo kavu, na mtu asiyekujua anakuletea kitenge chake.

Wenyeji hawa ndio nusu ya hija ambayo haiandikwi. Katika vijiji vya Buganda unasalimiwa "Mukulike!" na watu wanaotoka nje ya nyumba zao kwa ajili hiyo tu. Nimewahi kulala kwenye ukumbi wa shule ambako wazazi, wengi wao wa dini nyingine, walileta mikeka na masufuria ya uji wakati mvua inapiga mabati kiasi cha kutosikilizana. Hakuna aliyeuliza jina la parokia yetu kabla ya kutupa kikombe. Asubuhi tuliondoka tukiimba, na sikumbuki kiongozi wetu yeyote akiuliza kuni za kupikia uji ule zilinunuliwa na nani. Hili nalo linahitaji kusahihishwa. Kijiji kinachopokea vikundi vitano kwa wiki moja kinatumia chakula ambacho kilikuwa cha watoto wake. Kikundi kinachojiita cha hisani kianze hisani yake hapo, kwa gunia la mahindi au kwa kutengeneza paa linalovuja la ile ile shule iliyokilaza.

Undugu huu una mizizi ya zamani kuliko mipaka yetu. Mwaka 1892, vita vya Buganda vilipomkimbiza Askofu Hirth, alihamia upande wa Bukoba, na mwaka huohuo misioni ya Kashozi ikaanzishwa. Imani ya Kikatoliki ya Kagera ilifika ikiwa imebebwa na watu walioukimbia moto, wakapokelewa na wenyeji. Katika ardhi hiyo alizaliwa Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali. Hujaji wa Bukoba anayetembea kuelekea kaskazini anaifuata kinyumenyume njia ambayo wakimbizi waliileta Injili kwake. Anarudi kwa waliowapa babu zake imani, naye anapokelewa tena kama mgeni. Deni la ukarimu kati ya pande hizi mbili halijawahi kukatika.

Sasa nitaje radi, kwa sababu hapa ndipo ujasiri wetu unapogeuka hatari. Eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi kuliko mengine duniani. Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo, wilaya wanayoipita mahujaji wa kaskazini, radi iliua wanafunzi 18. Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, radi iliua watu 14, wengi wao watoto, wakiwa katika ibada chini ya jengo la mabati. Walikuwa wanasali. Sala yao ilikuwa ya kweli kama ya kwetu, na umeme wa mawinguni haukuipita pembeni. Kwa hiyo kiongozi anayewaambia watu wazima na watoto waendelee kutembea uwandani huku ngurumo zikikaribia, kwa maneno kwamba Mama Maria atawafunika, anamjaribu Mungu kwa roho za watu wengine. Ngurumo ikisikika, watu waingie kwenye jengo imara au ndani ya gari lililofungwa, wasijikusanye chini ya mti, na wasitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Nusu saa hiyo inatosha rozari nzima na mapumziko ya miguu.

Ndugu zetu Waislamu wametufundisha kwa uchungu jambo hilohilo upande wa joto. Katika Hija ya Makka ya 2024, joto lilipopita nyuzi 50, zaidi ya mahujaji 1,300 walifariki. Serikali ya Saudi Arabia ilieleza kwamba wengi wao hawakuwa na vibali rasmi, na kwa hiyo walitembea mwendo mrefu juani bila hema la kupumzikia wala mahali pa kupoa. Walikuwa na nia njema na imani kubwa kama wenzao. Walichokosa ni kivuli. Nalisema hili kwa heshima na kwa kuwaombea, na nalichukua kama onyo kwetu sote tunaoongoza watu wa Mungu barabarani: mara nyingi tofauti kati ya anayerudi nyumbani na asiyerudi ni mpangilio uliofanywa na watu wengine mapema.

Papa Fransisko naye alitupa mfano ambao sisi Wakatoliki tungeuzingatia zaidi. Tarehe 17 Januari 2015 alikwenda Tacloban, Ufilipino, kuwafariji watu walioharibiwa maisha na kimbunga cha Novemba 2013. Dhoruba nyingine ilikuwa inakaribia. Aliadhimisha Misa kwenye upepo na mvua akiwa amevaa koti la mvua la plastiki la njano, la aina ileile waliyovaa waamini waliosimama mbele yake. Baada ya hapo alikubali ratiba ikatwe, akaondoka saa kadhaa kabla ya wakati uliopangwa, ingawa ilimuuma kuwaacha watu waliokuwa wamemsubiri. Siku hiyohiyo upepo uliangusha jukwaa la vyuma na kumuua mfanyakazi wa kujitolea aliyekuwa amekuja kusaidia. Papa alinyeshewa pamoja na watu wake, na palipohitajika kusimama, alisimama. Kama kiongozi wa Kanisa zima aliweza kukubali kwamba hali ya hewa imebadili ratiba, mwenyekiti wa kamati ya hija ya jimbo hawezi kuona aibu kufanya hivyo.

Hapa naingia kwenye fedha, jambo ambalo wengi hawapendi lizungumzwe pamoja na mambo ya roho. Matembezi ya hisani yamekuwa sehemu ya maisha ya Kanisa letu, na yamefanya kazi kubwa. Hospitali ya Mater ya Nairobi, iliyoanzishwa na Masista wa Huruma, kwa miaka mingi iliwakusanya watu barabarani ili kuchangia upasuaji wa moyo kwa watoto wa familia zisizo na uwezo. Kampala, mbio zinazoandaliwa na Rotary zilichangia kupatikana kwa wodi ya saratani katika Hospitali ya Nsambya, hospitali ya Kikatoliki iliyoanzishwa 1903. Kuna vikundi vya hija ambavyo navyo vimeanza kuunganisha sala na mchango: hujaji anawaomba ndugu na wafanyakazi wenzake waahidi kiasi fulani cha fedha, na fedha hiyo inakwenda kumlipia mseminari ada au kuezeka zahanati ya kigango. Huu ni mwelekeo mzuri na natamani uenee. Sala, kufunga na sadaka vimekuwa pamoja tangu mwanzo, nasi tumezoea kuvitenganisha.

Lakini ahadi inayofungwa kwenye kilomita ina mtego. Mtu aliyeahidiwa shilingi elfu kumi kwa kila kilomita hatakubali kusimama mvua inapochafuka, kwa sababu kila hatua asiyoipiga anaona inamnyima mtoto dawa. Nimemwona dada mmoja, kucha za vidole vyake vya miguu zimetoka, akikataa kupanda gari kwa sababu hiyo hasa. Alikuwa analia, na kilio chake kilikuwa cha upendo. Hakupaswa kuwekwa katika hali hiyo. Ahadi ziandikwe zikiwa kamili tangu mwanzo, na zilipwe hata kama dhoruba imelisimamisha kundi siku ya pili. Anayechangia anamchangia mgonjwa, hanunui mateso ya mtembeaji. Tukilisema hilo wazi kwenye kadi za michango, tutakuwa tumewaondolea watembeaji wetu mzigo mzito kuliko begi lolote.

Hesabu nazo zisomwe hadharani. Watu wakishavumilia jua na mvua kwa ajili ya zahanati, wana haki ya kusikia Dominika moja baada ya Misa ni kiasi gani kilikusanywa, fulana ziligharimu nini, na kimebaki nini cha kununulia mabati. Fulana ni nzuri, zinatambulisha kundi na kusaidia usalama barabarani. Fulana zinazomeza mchango wote ni dhuluma kwa mgonjwa, na ni dhuluma kwa aliyepasuka nyayo kwa ajili yake.

Kuna kazi nyingine mbili zinazohitaji watu wenye mamlaka ya kweli. Ya kwanza ni ya anayeamua kusimama. Kila kundi liwe na mtu mmoja, ikiwezekana muuguzi au tabibu, ambaye akisema tunasimama, hata padre anasimama. Mtu huyo afuatilie utabiri wa mamlaka za hali ya hewa za nchi tunazopita, maana siku hizi unapatikana kwenye simu, na awe na namba za parokia zilizo mbele. Ya pili ni ya anayetembea mwisho. Kwa kawaida wenye nguvu hutangulia na bendera, na wanaochoka huachwa nyuma gizani. Kundi lenye hekima huweka nyuma vijana wake wenye nguvu kuliko wote, pamoja na gari, na hakuna anayeruhusiwa kuwa nyuma yao. Vijana wetu, ambao Karoli Lwanga ni msimamizi wao, wapewe nafasi hiyo kama heshima. Kubeba bendera mbele ni kazi nyepesi kuliko kumshika mkono anayechechemea.

Kuna watakaosema kwamba nikiweka gari, muuguzi, ratiba na kadi za michango, nimeiua hija ya babu zetu ambao walitembea na sufuria na imani tu. Babu zetu walitembea na zaidi ya hivyo. Walitembea pamoja, wakijua mito inavukwa wapi, nani ana nyumba kijiji gani, na wingu la namna gani linaleta mawe. Maarifa ya njia yalikuwa sehemu ya imani yao. Sisi tunaotembea kando ya malori, kwenye majira yaliyoharibika, tunahitaji maarifa ya njia yetu kama wao walivyohitaji ya kwao.

Wala siombi hija iwe laini. Waliofika Namugongo wakiwa wamelowa chapachapa, wakapiga magoti mbele ya basilika lenye nguzo 22 na kulia, wanajua walichopokea, na hakuna mwandishi wa gazeti anayeweza kuwanyang'anya. Naomba tu kwamba tukirudi, tuulizane maswali mengine. Nani alikunywa maji kwa sababu yako? Nani alivaa koti lako? Mwenyeji aliyekulaza umemrudishia nini? Zahanati imeezekwa?

Kamati nyingi za parokia hukutana Januari kuanza maandalizi ya Juni. Naziomba, kabla ya kuchagua rangi ya fulana, ziandike majina ya watu watatu: atakayeamua kusimama mvua ikizidi, atakayetembea mwisho, na atakayesoma hesabu baada ya safari. Wakipatikana hao watatu, wengine wote waanze kufanya mazoezi ya miguu. Wasipopatikana, safari iahirishwe mpaka wapatikane, na fedha zilizokwisha kuchangwa zipelekwe kwa mgonjwa siku hiyohiyo.